Mwongozo wa Kuifanya Barabara Mpya Ibonyee Mapema

Anayetaka barabara ya lami yenye mifereji miwili chini ya matairi ya malori, mifereji inayojaa maji wakati wa masika na kumtupa mwendesha bodaboda chini, asihangaike kutafuta bahati mbaya. Kazi hiyo hufanyika vizuri zaidi maabara, miezi kadhaa kabla kipande cha kwanza cha lami hakijamwagwa. Nitaieleza njia yote, na kila hatua nitaonyesha inapozibika, maana barabara hizi ni fedha zetu na juu yake tunapita sisi na watoto wetu.

Kwanza, sampuli ipimwe ikiwa imepoa. Lami ya daraja la 60/70 katika nyuzi 25 za sentigredi ni kitu kigumu: sindano iliyobebeshwa gramu 100 huzama milimita 6 hadi 7 tu kwa sekunde 5. Lakini lami hiyohiyo huanza kulainika karibu na nyuzi 50, na uso mweusi wa barabara ya Dodoma au Mombasa saa nane mchana wa jua kali unaweza kufika 60. Barabara hubonyea saa hizo. Basi anayetaka mifereji aufungue mlango wa maabara asubuhi, apime, afunge faili.

Bruce Marshall, mhandisi wa idara ya barabara ya jimbo la Mississippi, aliuziba mwanya huo tangu mwishoni mwa miaka ya 1930. Wanajeshi wahandisi wa Marekani wakakichukua kipimo chake na kukiendeleza kwa ajili ya viwanja vya ndege wakati wa Vita Kuu ya Pili, na hadi leo ndicho kinachojulikana zaidi katika maabara zetu. Mchanganyiko wa lami na kokoto hushindiliwa ndani ya kikombe cha chuma chenye kipenyo cha milimita 101.6 kwa nyundo ya kilo 4.54 inayoanguka kutoka urefu wa milimita 457. Kwa barabara ya magari mazito, kila upande hupigwa mara 75. Kisha sampuli hulazwa kwenye maji ya nyuzi 60 kwa dakika 30 hadi 40, ikitoka hapo inabanwa na taya mbili za chuma mpaka ishindwe.

Mashine hutoa namba mbili, na hapa ndipo penye siri kubwa ya mwongozo huu. Ya kwanza ni nguvu iliyohitajika kuishinda sampuli. Ya pili ni milimita ambazo sampuli ilibonyea hadi kufika hapo. Anayetaka mifereji aisome ya kwanza kwa sauti kikaoni na aipitie ya pili kimya. Sampuli inaweza kuonyesha nguvu nzuri kabisa huku imebonyea kupita kiasi, na mchanganyiko wa namna hiyo ukipelekwa barabarani utatambaa kila siku ya jua. Namba hizo mbili zisomwe pamoja, daima.

Hata zikisomwa pamoja hazitoshi, na ninasema hivi nikikiheshimu sana kipimo chenyewe. Taya zile hubana mara moja, tena haraka, milimita 50.8 kwa dakika. Lori la Tunduma likipanda mlima Kitonga hutambaa, tairi likikaa muda mrefu juu ya lami ile ile, na nyuma yake linakuja jingine. Lami haipimi uzito peke yake, inapima na muda: mzigo unaokaa huibonyeza zaidi ya mzigo unaopita mbio. Kwa hiyo kuna kipimo cha mzigo unaorudiwa, ambacho hubonyeza sampuli kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, kikaipumzisha sehemu tisa zilizobaki, kikarudia maelfu ya mara ndani ya joto. Mwanzoni sampuli hubonyea haraka ikijipanga, halafu hutulia kwa mwendo mdogo, halafu ghafla huanza kukimbia. Idadi ya mizigo iliyopita kabla ya mbio hizo kuanza ndiyo jibu tunalolitafuta. Anayetaka mifereji huizima mashine sampuli ikiwa bado imetulia, akaandika kwamba imefaulu.

Kipo pia kipimo kilichozaliwa Hamburg, Ujerumani, ambacho nakipenda kwa ukweli wake. Gurudumu la chuma lenye mzigo wa niutoni 705 hupita juu ya lami iliyozama kwenye maji ya moto, mara nyingi nyuzi 50, huku na huku hadi mara 20,000. Kina cha mfereji kinapimwa papo hapo. Lami inayoachana na mawe yake ikikutana na maji huonekana kwenye mchoro: mstari uliokuwa ukishuka taratibu unajipinda na kuporomoka.

Yapo na mapishi. Weka lami nyingi, kwa sababu barabara nyeusi inayong'aa humfurahisha mgeni rasmi. Weka mchanga wa mtoni wenye punje za mviringo badala ya mawe yaliyopondwa. Nafasi za hewa zikishuka chini ya asilimia 3 baada ya malori kuishindilia, lami haina pa kwenda, mawe yanaogelea ndani yake, na mchanganyiko wote unasukumwa pembeni. Dawa yake ni kuishindilia sampuli hadi igome kabisa kushuka, kisha kuhakikisha kwamba hata hapo hewa ya asilimia 3 imebaki.

Halafu kuna hila ambayo mashine haiwezi kuigundua yenyewe: sampuli nzuri ikatengenezwa kwa mkono mezani, na mtambo ukamwaga kitu kingine. Dhidi ya hiyo, chukueni mchanganyiko kwenye lori linalotoka mtamboni, iyeyusheni lami, pimeni ni kiasi gani, mchekeche kokoto zilizobaki. Barabara ikishakamilika, itobolewe na vipande vyake vipimwe.

Na mizani ikilegezwa, yote haya ni bure. Majaribio yaliyofanywa Ottawa, Illinois, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha mzigo. Ekseli ya tani 12 mahali pa tani 10 huharibu barabara kama mara mbili.

Diwani, mbunge, mhandisi mkazi: siku ya kukabidhiwa barabara, kabla ya kukata utepe, ombeni faili la maabara. Ulizeni sampuli ilitoka wapi, ilipimwa ikiwa na joto gani, ilibonyea milimita ngapi, na hewa iliyobaki ni asilimia ngapi. Mkandarasi asiyeweza kujibu maswali hayo manne asilipwe.