Risala kwa Mheshimiwa Kiduara Kinachozunguka

Itifaki imezingatiwa. Sisi wakazi wa Manispaa ya Morogoro, tulio na kompyuta mpya mezani na kurasa zisizofunguka, tunasimama mbele yako, Mheshimiwa Kiduara, kutoa shukrani. Wapo wanaokutukana. Hao ni watu wa haraka, na wenye haraka walishapata reli yao: tangu Juni 2024 wanapanda SGR na kufika Dar es Salaam kwa muda usiotimia saa mbili. Wewe muda huo unautumia kufungua fomu ya kurasa tatu, tena hudai nauli.

Umetufundisha jiografia. Mji wetu umetaniwa miaka mingi kuwa ni Mji Kasoro Bahari, tukakubali yaishe. Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zikakatika chini ya bahari, huko karibu na Afrika Kusini, nawe ukaketi kwenye vioo vya Kihonda na Kilakala. Kumbe bahari tunayo! Tangu waya wa SEACOM ufike Dar mwaka 2009, sehemu kubwa ya tunayoyasoma hupita majini kwanza. Kabla ya hapo ujumbe ulipanda hadi setilaiti iliyo juu kilomita kama 36,000, ukashuka, na jibu likapanda na kushuka vilevile. Wazee wa intaneti kafe wanaikumbuka enzi yako hiyo, na wengine bado wanakuogopa.

Tena una haki. Mto Ruvu unaanzia kwetu, milima ya Uluguru, na Dar ndio wanaoyanywa maji yake. Sisi tunateremsha maji, wao wanapandisha intaneti. Oktoba 2022 mto ulipopungua, wao wakapangiwa mgao. Sisi wetu tunaupata kila jioni, mtaa mzima unapofungua video kwa mpigo na mnara mmoja ukalazimika kumgawia kila mtu tonge lake. Hapo hakuna wa kumdai mwenzake.

Lakini sifa yako kubwa ni unyenyekevu. Kazi yote unaifanya gizani, lawama zinakwenda kwa mawingu ya kilele cha Bondwa. Mwenye nyumba hadhani hata kidogo kwamba mkosaji yuko mezani pake. Kompyuta ni mpya, bado ina nailoni, itakosaje kukimbia? Hajui kwamba imekaa dukani miezi bila kula. Siku inapoonja bando kwa mara ya kwanza, mfumo unashusha masasisho ya gigabaiti kadhaa, programu ya majaribio ya kuzuia virusi inapekua kila ukurasa, na huduma ya kutunza mafaili mtandaoni inapandisha picha za harusi ambazo hakuna aliyeziomba. Mwenye mali anaambulia makombo, kisha anapiga simu huduma kwa wateja na kupewa muziki.

Adui yako mmoja tu tunamfahamu: fundi asiye na haraka. Huyu anaweka simu kando ya kompyuta na kufungua ukurasa uleule, kwa Wi-Fi ileile. Simu ikifungua upesi, anajua umejificha ndani ya mashine. Zote zikizubaa, anakutafuta kwenye ruta au kwenye mnara. Kisha anatazama ni programu ipi inayokula mtandao, anauambia mfumo kwamba bando hili lina kikomo ili masasisho yangoje, na anaihamisha Wi-Fi kutoka gigahezi 2.4 kwenda 5, yenye kasi ila dhaifu mbele ya kuta za zege. Saa nyingine anakuta ruta imefichwa nyuma ya friji, kwa sababu ya urembo wa sebule. Mtu wa namna hii tunamtazama kwa mashaka. Hatoi hata lawama kwa wingu.

Mheshimiwa, risala haikosi ombi. Letu ni moja. Mtoto wa nyumba hii anaomba mkopo wa chuo, na dirisha linafungwa Ijumaa saa sita usiku. Yeye, kama ilivyo desturi ya vijana, ataanza kujaza saa tano. Kama ratiba yako itaruhusu, tunaomba jioni hiyo uwe safarini nje ya mkoa. Posho tutachanga.