Tondozi ya Kadi Isiyofanya Kazi

Katika mali zote za mhamiaji aliyeko Marekani, hakuna inayostahili tondozi kuliko kadi ya mkopo asiyoitumia. Gari limekwisha sifiwa vya kutosha. Nyumba ni ya benki. Lakini kadi ile iliyolala kwenye mtoto wa meza, kati ya betri zilizokwisha na funguo za nyumba uliyohama zamani, nani ameiimba? Haili, hainywi, haikuamshi usiku. Miaka inapita bila kununua hata chumvi, na bado inakusemea mema mahali usikofika.

Inakusemea kwa Equifax, Experian na TransUnion, mashirika matatu makubwa yanayoweka kumbukumbu za nani anakopa na nani analipa. Kumbukumbu hizo hupikwa zikawa alama, na alama mashuhuri kuliko zote ni ya FICO, iliyoanzishwa mwaka 1989, ambayo kwa kawaida huanzia 300 na kuishia 850. Asilimia 35 ya alama hiyo hutokana na kulipa kwa wakati; hilo hata bibi yangu angelitunga. Asilimia 30 hutokana na kiasi unachodaiwa, na hapo ndipo shujaa wetu hufanya kazi akiwa usingizini.

Chukua mtu mwenye kadi mbili. Ya kwanza anaitumia: kikomo chake dola 3,000, na anadaiwa dola 2,000. Ya pili, shujaa wetu, ina kikomo cha dola 7,000 na haina deni hata senti. Kwa jumla mtu huyu anaruhusiwa kukopa dola 10,000 na amekopa 2,000, yaani asilimia 20. Mstaarabu kabisa. Siku moja anasikia mahubiri kuhusu kuishi bila madeni, roho inamchoma, anapiga simu benki na kuifunga ile kadi isiyo na kosa. Deni ni lile lile, mshahara ule ule, na tabia yake haijabadilika hata chembe. Ila sasa amekopa 2,000 kati ya 3,000, karibu asilimia 67, na kompyuta inamwona mlafi. Kaadhibiwa kwa kutubu.

Wahenga walituambia dawa ya deni ni kulipa, na kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Hawakutuambia kwamba baada ya matanga kuna watu wanaotaka mlango wa harusi ubaki wazi, uwe unaupita kila siku bila kuingia, ndipo wakuamini.

Mkenya aliyekulia Nairobi jambo hili humsumbua zaidi. Kwao jina la CRB, yaani mashirika ya kumbukumbu za mikopo, hutajwa kwa woga: kuwekwa CRB maana yake umeshindwa kulipa, na mwenye busara huomba asijulikane huko. Akifika Minnesota anakuta kwamba asiyejulikana ndiye mwenye shida. Hakopi, hadaiwi, analipa kila kitu taslimu, na akiomba mkopo wa gari anatazamwa kama aliyezaliwa jana.

Tuisifu pia kwa uzee wake. Asilimia 15 ya alama ya FICO ni umri wa historia yako ya kukopa, na kadi ya kale ni kama babu aketiye barazani: halimi tena, lakini kwa kuwapo kwake tu nyumba inaheshimiwa. Wapo wanaotishia watu kwamba ukiifunga, umri huo unafutika siku hiyo hiyo. Wanatia chumvi. Akaunti iliyofungwa ikiwa safi huweza kubaki kwenye kumbukumbu hadi miaka 10, na FICO huendelea kuuhesabu umri wake muda wote huo.

Na mtukufu huyu hafi kirahisi. Kuna wanaoikata kadi kwa mkasi mbele ya familia, watoto wakipiga makofi. Plastiki imekufa, akaunti haina habari. Wengine huifunga ikiwa bado na deni, wakidhani wameliaga, kumbe deni linabaki na riba yake inaendelea kukua.

Ana kasoro zake pia, sitaficha. Asipoguswa kwa muda mrefu, benki yenyewe huweza kumfunga bila kukuuliza, kwa hiyo mnunulie soda mara moja moja na uilipe. Akianza kudai ada ya mwaka, tondozi yangu inakoma hapo hapo: iombe benki ikubadilishie kadi isiyo na ada, na ikikataa, mfunge. Mfunge pia kama kumwona tu kunakutuma dukani, maana alama nzuri hailipi riba ya mtu.

Nawe ndugu msomaji uliyeko huko, kama mwaka huu unakusudia kuomba mkopo wa nyumba, weka mkasi chini na upunguze kwanza salio la kadi ile nyingine. Usipodaiwa kitu kwenye kadi zako, kufunga moja hakuibadilishi ile asilimia ya deni kwa kikomo. Na aliyekwisha kuifunga asilie sana: matoleo mengi ya alama hizo hutazama salio lililoripotiwa mara ya mwisho tu, hivyo deni likishapungua, alama huanza kupanda tena.