Mchezo wa Baiskeli, Tawi la Mulungwishi

Nasikia huko Uingereza watu wazima, wenye akili zao timamu, huamka Jumapili asubuhi, wakavaa nguo za kubana, wakanyonga baiskeli kilomita 80 kwenye vinjia vya mashambani, kisha wakarudi palepale walipotoka. Mikono mitupu! Hata kuku hawakuleta.

Hapa Mulungwishi, Kongo, nasi tunao mchezo huo. Kwetu baiskeli huitwa kinga, na uwanja ni barabara kuu itokayo Likasi kwenda Fungurume na Kolwezi. Wakuu wa mbio za baiskeli duniani wameamuru baiskeli ya mashindano isipungue kilo 6.8. Vijana wetu ni watiifu kupita kiasi: huongezea magunia ya makala (ndivyo tuitavyo makaa) juu yake, wasije wakashtakiwa kwa wepesi. Penye mlima hushuka wakasukuma, sare yao kandambili na jasho. Mashabiki ni malori ya shaba na kobalti, yanayowashangilia kwa honi na moshi.

Usicheke. Kobalti huingia kwenye betri, na betri nyingine hufungwa kwenye baiskeli za umeme, ili mstaafu wa Uingereza asihemewe kilimani. Kwa hiyo hata kule tunasukuma sisi.

Tofauti iliyobaki ni ndogo. Yule wa Uingereza akifika nyumbani huandika makala. Wetu akifika Likasi huuza makala, ndipo watoto wale bukari, ule ugali wetu.