Mwili Wangu Umekuwa Daftari

Mimi ni muuza mabeseni. Si kazi ya kujitambulishia ukweni, lakini pale soko la Konyo Konyo, Juba, hakuna asiyehitaji beseni: la kufulia, la kuogeshea mtoto, la kubebea samaki, la kujifunika kichwani mvua ikikushukia ghafla. Mali yangu hupakiwa Kampala, huvuka mpaka Nimule, kisha hula kilomita 192 za lami hadi Juba. Sijawahi kupokea beseni lenye ugonjwa. Aliyeugua ni mimi.

Ilikuwa Machi, mwezi ambao hata mbwa wa Juba huomba kivuli kwa adabu. Niliamka najikuna. Nikasema ni kunguni, nikalitoa godoro juani na kulicharaza kama mwizi wa kuku. Kufika saa nne, nikiwa kibandani, mkono wa kushoto umeota mabaka manene, yamevimba na kupata moto kama maandazi yaliyozidishiwa hamira. Vitabu husema huwa mekundu. Kwenye ngozi nyeusi kama yangu ni uvimbe tu na mwasho wa kumtoa mtu dini. Saa saba mkono ukawa laini kana kwamba nimesingizia. Mabaka yalikuwa yamehamia tumboni. Jioni yakashuka mapajani, yanatembea mwilini kama mkaguzi wa leseni.

Ubaya wa kuugua sokoni ni kwamba huugui peke yako. Wa kwanza kuniona nikijisugua kwenye nguzo alikuwa jirani yangu, mama wa shai, ambaye huchemsha chai ya tangawizi juu ya jiko la mkaa huku macho yake yakilinda safu nzima ya vibanda.

"De sunu?" akauliza. Hii ni nini?

Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa. "Hasasia."

Mimi nikasikia "hisia". Nikavuta shati haraka. Nina mke Mombasa, na sikutaka mambo ya hisia yajadiliwe mbele ya wateja. Ilibidi mwendesha boda mmoja, aliyewahi kuishi Kampala, anifafanulie kwamba hasasia ni mzio, ile tunayoiita aleji. Kumbe hata masikio yangu hayakukosea sana: hasasia ya Waarabu na hisia yetu zimetoka katika mzizi mmoja, kama dawa, sabuni na sukari tulivyovichota kisima kilekile. Ngozi yangu ilikuwa na hisia kupita kiasi, basi.

Kesi ikafunguliwa hapohapo. Muuza samaki wakavu alisema chanzo ni dakwa, ile siagi ya karanga, maana karanga zina mambo yake. Mama wa dakwa akasema hajapata kuona mtu akiota mabaka kwa karanga, ila kwa samaki wakavu ameona wengi. Muuza mayai alishuku maji ya kununua. Muuza maji alishuku mayai. Kila shahidi alimtaja mshitakiwa wa kibanda cha pili, na hakuna hata mmoja aliyetilia shaka bidhaa yake mwenyewe. Yule wa boda peke yake ndiye aliyeuliza kama haiwezi kuwa plastiki. Nilimwomba asirudie maneno hayo wateja wakiwapo.

Mimi, kwa woga, niliwahukumu wote. Nikaacha samaki, karanga na mayai. Siku tisa nilikula ugali na chumvi.

Halafu zikaja tiba. Nilipakwa majivu, nikaonekana kama mtu aliyeokolewa kwenye moto. Nikachumiwa majani ya mwarobaini, ambao Juba unaota kila kona, yakachemshwa, nikaambiwa nioge yakiwa bado ya moto ili sumu itoke. Nilioga nyuma ya kibanda, ndani ya beseni langu kubwa kuliko yote. Sumu haikutoka. Mabaka yaliyokuwa mgongoni yaliwaita ndugu zao wote, kwa sababu, kama nilivyokuja kujua, joto huyachochea. Niliokolewa na beseni la pili, la maji baridi, nikakaa humo nusu saa nikitetemeka kwa raha. Mteja akapita, akalipenda lile beseni, akauliza bei. Nikamwambia asubiri kwanza nitoke.

Siku iliyofuata nikapewa kile kidonge kidogo cha njano ambacho kila mama wa Afrika Mashariki anacho kwenye mkoba. Mwasho ulipungua, sikatai. Ila mimi pia nilipungua. Nilijilaza juu ya mabeseni saa tano asubuhi "dakika mbili", nikazinduka saa kumi na moja jioni. Mama wa shai alikuwa ameniuzia mali mchana kutwa, na beseni moja ameliachia kwa bei ya hasara kwa sababu mteja alikuwa na adabu.

Ndipo nikaenda kliniki. Daktari hakuanza na habari za samaki. Alinigeuza, akachukua kijiti cha kutazamia koo, akanichora mstari mgongoni, kisha akaendelea na mambo yake. Baada ya dakika chache akanipiga picha kwa simu yangu mwenyewe: mstari umeinuka, umenyooka kama reli. Akanieleza kwamba chini ya ngozi kuna chembe zinazotoa kitu kiitwacho histamini. Zikishtuka, mishipa midogo huvuja majimaji na ngozi huumuka. Baka moja kwa kawaida halimalizi saa 24, ila likizama hapa lingine linaibuka kule. Wengi hupona ndani ya wiki 6. Yakizidi hapo huitwa sugu, na mara nyingi chanzo hakionekani hata ukipimwa vipi.

"Umeacha samaki siku ngapi?"

"Tisa."

"Yakapungua?"

"Hapana."

"Basi samaki hana hatia."

Alichouliza kwa makini ni dawa ninazomeza. Nikataja ibuprofeni, kwa ajili ya mgongo, maana mabeseni kumi na mawili yaliyopachikana si mzigo wa mzaha. Akasema dawa za maumivu za jamii hiyo zinaweza kuyaamsha mabaka au kuyazidisha, niziweke kando. Akaniandikia setirizini, kidonge kimoja kwa siku, ambacho kwa wengi hakilevyi usingizi kama kile cha njano. Mengine yalikuwa ya bure: kitambaa cha maji baridi, shati la pamba lisilobana, na mikono niitafutie kazi. Kisha akaacha kutabasamu: midomo au ulimi ukivimba, au pumzi ikibana, usiulize jirani wala duka la dawa, kimbia hospitali uchomwe sindano ya adrenalini. Hapo hata mimi sina utani.

Sokoni hukumu hiyo iliwachukiza wote. Ugonjwa usio na mwenyewe hauna ladha. Muuza samaki alidai fidia ya siku tisa, tukamaliza kwa mimi kununua samaki wawili.

Mama wa shai ndiye aliyeipenda ile habari ya kijiti. Kesho yake, nilipokunywa chai bila chenji, alishika mkono wangu na kwa kucha akachora mistari mitatu: vikombe vitatu. Mistari ikainuka, safi, inasomeka hata na mtu aliye ng'ambo ya njia. Wateja walicheka mpaka wakamwaga chai. Alisema sasa amepata daftari lisiloibiwa.

Nilirudi jioni kulipa. Akashika mkono, akaugeuza huku na huku, akautazama kwenye mwanga. Maandishi ya namna hiyo aghalabu hayapiti saa moja. Nikamwambia kwa upole kwamba nakumbuka kikombe kimoja.

Siku hizi ananiandika kwenye karatasi.