Tondozi ya Nahitaji-Ngapi

Punda kasifiwa. Kasifiwa mbuyu, kasifiwa jahazi, na juzi tu nimesikia redioni mtu akiisifu chapati ya jana iliyopashwa moto. Lakini ile hesabu ndogo ambayo mwanafunzi huifanya usiku nyuma ya daftari, siku aliyopewa alama za CAT, lile jaribio la kabla ya mtihani mkuu, hakuna aliyeifungulia kinywa. Haina hata jina. Hapa kibandani kwangu tumeipa la mtaani: Nahitaji-Ngapi. Na kwa kuwa wenye elimu wameinyamazia, tondozi yake nitaitunga mimi.

Mimi si mwalimu. Natoa fotokopi, nachapa barua na kuuza kredo hapa Kithyoko, kando ya barabara ya Thika kwenda Garissa, mahali ambapo lori kubwa likipita kikombe cha chai hutembea chenyewe mezani. Hisabati nilipata D. Hiyo ni pointi 3 kati ya 12, na sioni haya kuisema kwa sababu mji mzima unaijua. Wanaokuja kwangu hawafuati akili yangu, wanafuata kikokotoo: Casio iliyoachwa rehani na mteja aliyepungukiwa shilingi 40, asirudi tena. Nikiishika Casio naitwa Anko. Nikiiweka chini naitwa yule wa fotokopi.

Tazameni Nahitaji-Ngapi inavyofufua wafu. Kijana aliyesinzia kwenye aljebra tangu kidato cha kwanza, aliyekuwa akiapa kwamba herufi x ni uonevu, mpe alama 14 kati ya 30 na umkumbushe kwamba mtihani mkuu una 70. Papo hapo x yake inazinduka. Anataka 60 ili aingie daraja la pili la juu. Anatoa 14, anajikuta anadai 46. Anagawa kwa 70, anapata karibu asilimia 66. Hakuna aliyemchapa wala kumshurutisha, na anahakiki mara mbili, jambo ambalo hakulifanya hata katika mtihani wenyewe wa hisabati. Tumehangaika miaka nenda miaka rudi tukitafuta namna ya kuwapendezesha watoto somo hili, kumbe dawa ni kuwatia hofu kidogo kisha kuwapa kalamu.

Tena ni ya bei nafuu. Mkeka wa kubeti unakula shilingi mia na kukuacha umeshika kichwa dakika ya tisini na tatu. Mganga anataka kuku, na rangi ya kuku anaichagua yeye. Nahitaji-Ngapi inataka kipande cha karatasi tu, na kwa kipande hicho unapewa muhula mzima mpya ambao bado hujauharibu.

Wala haipunji. Sokoni hapa muuza mahindi ana gorogoro iliyobonyezwa kitako. Broka wa ndengu yeye huja na mizani yake, na ajabu ya mizani hiyo ni kwamba gunia likipandishwa hukonda. Ile 30 kwa 70 haina kitako cha kubonyezwa. Ulale njaa ukiiombea, umletee mhadhiri salamu za kijijini, 14 itabaki 14.

Neno hili la uzito, yaani hiyo 30 kwa 70, huwasumbua wengi, wakidhani ni ujanja uliobuniwa na vyuo. Susu yangu, yaani nyanya, hakuwahi kukaa darasani, na ndiye aliyenielewesha. Ukambani tuna misimu miwili ya mvua. Ya Machi hadi Mei vitabu vinaiita mvua ndefu, na ya Oktoba hadi Desemba vinaiita fupi. Mgeni akisikia hivyo ataimwaga mbegu yake yote kwenye ile ndefu. Aimwage, tutamchangia unga. Mwenye shamba huku anajua kwamba mvua ya kutegemewa ni ile fupi, ile tunayoiita Nthwa. Ikikosa hiyo, mwaka umekosa. Susu hakuwahi kutamka 30 wala 70. Alisema mvua ya Machi ni ya kuonja na Nthwa ni ya kula. Baada ya hapo sikuhitaji profesa wa kunieleza kwa nini CAT moja haiwezi kumwokoa mtu wala mtihani mmoja mkuu kumsamehe. Na kana kwamba kuna aliyepanga, karatasi za KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, nazo huandikwa Novemba, Nthwa ikipiga mabati hadi msimamizi anatoa maelekezo kwa mikono.

Ila Susu aliongeza jambo ambalo vijana hulisahau. Aliyeipuuza kabisa ile ya kuonja, Nthwa yake itabeba mizigo miwili. Mwenye 0 kwenye CAT naye anaruhusiwa kuitamani 60. Hesabu haimfukuzi mtu. Inamwambia tu kwamba sasa anahitaji 60 kati ya 70, karibu asilimia 86, na atakayezileta ni yule yule aliyeshindwa kuleta hata moja mwezi uliopita.

Wakija wa KCSE, tondozi hupanda ngazi. Masomo saba, kila moja pointi 12, jumla 84. Gawa jumla yako kwa saba upate wastani. C+, ambayo ndiyo mlango wa kozi za digrii, inaanzia pointi 46. Sasa mtazameni mwenye 45: saba inaingia mara 6.43, inarudishwa kuwa 6, ndiyo C. Jirani yake mwenye 46 anapata 6.57, inapandishwa kuwa 7. Hawa wawili wametembea pamoja kwenda shule miaka minne, wamekopeshana kalamu, na pointi moja imekaa katikati yao kama mto Tana uliofurika. Nimewahi kumwona mzazi akiihesabu 45 mara tano, kila mara akianzia somo jingine, kana kwamba Kiswahili kikitangulia jumla itaongezeka. Tangu matokeo ya 2023 mambo yamelegezwa: hisabati na lugha moja ni lazima, kisha yanachukuliwa matano mengine uliyofanya vizuri zaidi. Nilipigiwa simu na ndugu zangu wakinipongeza kwa niaba ya wanangu. Nikasoma upya nikaona somo lisiloachiliwa ni lile lile langu, hisabati.

Halafu anaingia mwenye pointi 50, uso umekunjuka, akitaka kujua KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, watamwonaje kwa kozi anayoitaka. Hapo ndipo Nahitaji-Ngapi huvua kandambili na kuvaa viatu vya ngozi. Kwa fomula iliyozoeleka kwa miaka mingi, pointi za masomo manne ya kozi unazigawa kwa 48. Jumla ya yale saba unaigawa kwa 84. Unazidisha hizo mbili, unatafuta kipeuo cha pili, kisha unazidisha tena kwa 48. Kijana huyu alikuwa na 28 katika manne na 50 katika saba. Akatoka na 28.28. Mimi na kipeuo cha pili tuliachana kidato cha nne, kwa amani, kila mmoja akishika njia yake. Sikutarajia kukutana naye kwenye kibanda cha fotokopi akiwa ameshika hatima ya mtoto wa watu. Nilipokibonyeza, mama ya kijana aliyekuwa ameegemea mlango alinyamaza kama aliye kanisani, akavua kilemba akakifunga upya. Hakuuliza kwa nini kuzidisha na si kujumlisha. Lakini kuna sababu: kwa kuzidisha, upande mmoja ukilegea unauvuta na mwenzake, kwa hiyo huwezi kung'aa katika manne na kuyatelekeza yaliyobaki. Hata mimi nimeligundua hilo kwa kubonyezabonyeza tu jioni ambazo hapakuwa na wateja.

Wadogo nao wameshaingizwa kwenye ukoo. Kwa mtaala wa umilisi, nafasi ya sekondari ya juu inatafutwa kwa mafungu matatu: KPSEA ya gredi ya sita asilimia 20, tathmini za shuleni za gredi ya saba na ya nane asilimia 20, na KJSEA ya gredi ya tisa, iliyofanywa kwa mara ya kwanza 2025, asilimia 60. Mtoto angali analilia mandazi na tayari sehemu ya tano ya safari yake imeandikwa kwa wino. Mama mmoja aliniuliza kama ile 20 ya gredi ya sita inaweza kulipwa polepole.

Wapo wanaoitukana Nahitaji-Ngapi. Wanadai inamla mwanafunzi muda wa kusoma: anachora ratiba ya rangi nne, anaandika shabaha ya kila somo kwenye kikaratasi, anakibandika juu ya dawati kwa seloteipu, na ikifika saa nne usiku amechoka kwa kupanga, analala. Ni kweli. Mnataka alale bila mpango? Mbona shule nzima hufanya vivyo hivyo? Utakuta shabaha ya wastani imepakwa ukutani kwa rangi nyekundu, 8.0, na miaka mingi baadaye rangi imechujuka lakini shabaha yenyewe haina hata mkwaruzo, kwa kuwa hakuna aliyeigusa. Wengine wanalalamika kwamba hesabu hii inakuambia unahitaji 66 bila kukuambia zitatoka wapi. Susu naye akisema mwaka huu anahitaji magunia manane ya ndengu, hajasema mvua itatoka wapi, na hakuna anayemwita mvivu.

Mwezi uliopita alikuja mpwa wangu, amemaliza mwaka wa tatu chuoni. Kwao, anavyosema, kila mwaka una uzito sawa na mwingine. Alikuwa na 46, 48 na 45. Mkononi alishika tangazo la kazi nililomchapishia mwenyewe asubuhi ile, lililotaka daraja la pili la juu.

"Anko, nahitaji ngapi?"

60 mara 4 ni 240. Nikajumlisha zake tatu, 139, nikatoa. Casio ikaandika 101.

"Bonyeza tena, Anko. Hiyo yako ni ya zamani."

Nikabonyeza tena. 101.

"Kati ya mia?"

"Kati ya mia."

Alikaa kimya. Basi la Garissa likapita, kikombe kikasogea inchi moja, akakidaka bila kukitazama. Kisha akaichukua Casio mwenyewe, akaifuta 60, akaweka 50. Mara nne, 200. Akatoa 139. Ikaja 61, na nikamwona akinyooka mgongo. Sitini na moja ni alama ya watu. Anao marafiki walioipata, na mmoja wao, anasema, ni mzembe kumshinda. Akaniomba kalamu, akaiandika kiganjani, akaagiza chai ya pili kwa jina langu.

Tangazo la kazi alilikunja mara nne akaliacha mezani. Nimelihifadhi chini ya Casio. Nyuma ni nyeupe, na wateja hukosa pa kuandikia.