Muulize Mjomba Hakosei

*Mjomba, shikamoo. Likizo ya Desemba tulikwenda Pangani, tukavuka kwa boti hadi Maziwe. Watoto wakarudi na kiroba kizima cha makombe. Nilitaka nimtengenezee mama mkwe pambo la sebuleni, ila kiroba kinanuka hadi majirani wanauliza kama kuna msiba. Nifanyeje?*
*Mama Wawili, Dodoma*

Marahaba, mwanangu. Kwanza nikupongeze kwa kujua mlango wa kubisha. Toka Moa hadi Msimbati washauri wako wengi, mmoja wao anaandika safu ya nyota humu humu gazetini, na sitamtaja jina kwa sababu ananidai. Lakini mshauri aliyezaliwa kwenye nyumba ambayo maji ya bamvua huingia uani bila hodi ni mimi peke yangu.

Pambo la makombe, unasema? Ile fremu ya kioo aliyopewa mkubwa mmoja wa wilaya siku anahamishwa, unadhani ilitengenezwa na nani? Aliitazama, akatokwa machozi mbele ya watu. Wapo wenye husuda wanaodai ilikuwa gundi.

Na ninyi wa bara msiyachukulie makombe kama uchafu wa pwani. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg, kampuni ya O'Swald ikiwemo, walikuwa wakisomba kauri za pwani yetu kutoka Zanzibar, shehena kwa shehena, kuzipeleka Lagos na kwingineko Afrika Magharibi, ambako kauri zilikuwa pesa. Pesa ya kununulia muhogo. Walisomba, walisomba, mpaka kauri zikajaa masokoni na thamani ikaporomoka, mtu akawa anahitaji mpagazi wa kumbebea chenji. Ningekuwepo ningewaambia wapunguze. Tatizo la dunia hii ni kwamba watu huanza kwanza, halafu ndipo wanamtafuta Mjomba.

Sasa tuje kwenye harufu. Mwanangu, harufu ni mali. Je, unaye shemeji aliyekuja kwa siku mbili na sasa ana ndoano yake ya kutundikia taulo bafuni kwenu? Hamishia kiroba uvunguni mwa kitanda chake. Mwenye nyumba anakuja kudai kodi kabla ya tarehe? Mkaribishe akae, umwekee kiroba nyuma ya kochi, mzungumze polepole. Kuna fundi cherehani mtaani kwetu alikomeshwa hivyo hivyo baada ya kukaa na kitambaa changu cha Idi mpaka Idi ya pili, na leo akiniona ananishonea nikiwa bado nimesimama barabarani.

Ukitaka kuiondoa kabisa, basi fahamu inakotoka. Gamba la konokono wa baharini limejiviringa kwa ndani, na aliyefia kule ndani kabisa hafikiwi na maji ya bomba. Chemsha maji kwenye sufuria ya zamani, si ile ya wali, makombe yatokote dakika kadhaa, uyaache yapoe yenyewe, kisha uvute kilichobaki kwa sindano iliyopindwa. Loweka usiku kucha kwenye maji yenye jiki kidogo, suuza, anika. Usithubutu kutumia siki, hata kama umeambiwa na mtu wa safu ya nyota: kombe ni chokaa, siki inalila taratibu na kukuachia kitu butu kisicho na mng'aro. Yakikauka, yapake mafuta ya nazi kwa kitambaa. Rangi itarudi na utadhani yametoka majini sasa hivi.

Hapa shangazi yenu, ambaye ana tabia ya kusoma nikiandika, ameuliza kwa sauti: "Hayo makombe si yalitoka Maziwe?"

Nilikuwa naelekea huko huko.

Maziwe, mwanangu, ni hifadhi. Haichukuliwi kitu pale, hata kombe tupu. Wazee wa Pangani wanakumbuka kisiwa chenye miti na kasa wakipanda kutaga. Miti ikafa, mchanga ukakosa wa kuushika, na leo Maziwe ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Mayai ya kasa yanayotagwa pale huhamishwa na kuzikwa upya bara, Ushongo, yasije yakazama. Mahali penyewe panapigania kubaki duniani, na wanao wamekuja na kiroba! Tena kombe lililo tupu si kwamba halina mwenyewe. Kuna kaa wenye tumbo laini wanaoishi ndani ya makombe ya marehemu, wakikua wanahamia kubwa zaidi. Watoto wako wamebeba mtaa mzima wa nyumba za kupanga. Na hiyo harufu inayowasumbua majirani, kwa taarifa yako, ni wapangaji.

Kwa hiyo yale maelekezo ya jiki yawekee makombe ya chaza mliokula wenyewe mezani. Kiroba mpe mtu anayekwenda Tanga kwa basi. Usimwambie kina nini.

Na mama mkwe umfanyie upawa. Ndiyo, upawa wa kifuu, na usinikunjie uso. Mama mkwe akipewa pambo atalikagua, akipewa upawa atapika. Chukua nazi kavu iliyokomaa; vile vifuu vya madafu mliyokunywa ufukweni bado ni laini, havifai. Igonge kwa mgongo wa panga katikati huku unaizungusha mkononi mpaka ipasuke, nusu kwa nusu. Kuna nyama, ipeleke kwenye mbuzi. Kifuu ukikwangue nje kwa kigae cha chupa mpaka nyuzi zote ziishe, kisha msasa mbaya, kisha msasa laini, na hapa watoto wapokezane maana mkono unachoka. Toboa matundu mawili yanayotazamana karibu na mdomo, upitishe mpini wa mti mmoja ulionyooka, uubane. Kwa waya uliopashwa moto uandike kwenye mpini: Pangani, na mwaka. Uupake mafuta ya nazi. Upawa niliomtengenezea mama mkwe wangu mimi alizikwa… hapana, hakuzikwa nao, lakini alitaka. Waliokuwepo watakwambia.

*Mjomba, salamu kutoka Nairobi. Binti yetu alianza kutembea hapo Diani, kwa mchanga. Pasaka tunarudi, nami nataka unyayo wake niuweke nyumbani kabla hajakuwa mkubwa. Nitafanyaje?*
*Baba Msafiri*

Baba Msafiri, swali hili limenigusa pabaya, maana mimi mwenyewe nina unyayo wa kihistoria. Fundi viatu mmoja wa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, aliuchora mguu wangu wa kulia kwenye karatasi na kuubandika ukutani, uwe mfano kwa wateja. Mfano wa nini hakusema, na mimi si mtu wa kudadisi sifa.

Jambo lenyewe halikuanza na wewe. Mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilikuta Laetoli, kusini ya Olduvai, nyayo za watu wa kale waliotembea juu ya majivu ya volkano yaliyolowa, miaka milioni 3.6 iliyopita. Majivu yakagandamana, yakafunikwa na majivu mengine, na nyayo zikangoja. Kisigino kimeingia, kidole gumba kimenyooka mbele kama chako. Wataalamu nao wakafanya hilo hilo unalolitaka wewe: wakatengeneza nakala zake kwa kumimina. Picha nimeziona. Ni nyayo nzuri, ila kwa upande wa matao ya mguu nadhani Barabara ya Kumi na Mbili tumewazidi.

Wewe huna volkano, basi nunua plasta ya Paris, ule unga mweupe ambao mafundi wa dari wanauita POP. Lakini kabla ya unga, ujue maji. Bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana, kwa hiyo saa uliyoibahatisha Jumamosi itakulowesha Jumapili. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiandama, ni bamvua: maji yanatoka mbali hasa na kurudi kwa haraka. Anza yakiwa yanatoka. Nimewahi kumwona mtalii mwenye elimu yake akiikimbiza sufuria ya plasta hadi shingoni.

Tafuta mchanga laini wenye unyevu, unaoshikamana ukiufinya. Mshike mtoto kwapani, umkanyagishe kwa uzito, umwondoe wima bila kuburuza. Mwondoe kabisa, Baba Msafiri. Plasta ikianza kuganda hupata joto, na ikiwa nene joto hilo linaunguza ngozi ya mtoto. Mguu wala mkono hautumbukizwi kamwe ndani yake. Inamiminwa kwenye alama, mguu ukiwa umeshakwenda kula aiskrimu. Maji kikombe kimoja, unga vikombe viwili, na unga ndio unaonyunyizwa ndani ya maji, si maji juu ya unga, kama hutaki madonge. Maji ya baridi ya kunywa, si ya bahari: chumvi inaiharakisha plasta kuganda na kuifanya dhaifu. Mimina ukipitishia kwenye kijiko ili usichimbe vidole, chomeka kipete cha waya cha kuning'inizia, subiri zaidi ya nusu saa, kisha uchimbue kwa mbali ukizunguka. Iache ikauke siku kadhaa ndipo uipige brashi. Mchanga unaobaki umeng'ang'ania pale chini ndio uzuri wenyewe. Mabaki ya plasta usiyamwage kwenye sinki la hoteli, yataziba bomba na utaulizwa.

Ukishamaliza wa binti, mimina na wa kwako, uwe mkubwa pembeni ya mdogo. Mke wako atasema wake umesahaulika. Hilo liko nje ya safu hii.

*Mjomba, mchumba wangu yuko Muscat. Nataka nimtumie chupa ya mchanga wa Paje na bangili ya ng'amba nitakayoichonga mwenyewe. Ushauri?*
*Mpenzi wa Pwani, Unguja*

Mhariri ameshanipigia simu mara ya pili, nitakujibu nikiwa nimesimama.

Ng'amba hapana. Kasa wote wako kwenye orodha kali kabisa ya mkataba wa CITES wa mwaka 1973, Tanzania imo, Oman imo, na bangili yako itamfikisha mchumba mahali ambapo hata mimi siwezi kumwandikia. Mchanga nao uache ulipo. Sardinia, huko Italia, walichoka wageni kuwabebea ufukwe, wakatunga sheria mwaka 2017: mchanga, kombe au kokoto, faini euro 500 hadi 3,000. Mwaka 2019 walikamatwa Wafaransa wawili na kilo 40 za mchanga kwenye gari, umejazwa kwenye chupa za plastiki. Kilo 40! Hao nina hakika walikuwa na mshauri, na nina hakika anaandika safu ya nyota.

Wewe nenda ufukweni uokote ndala. Zipo, bahari inazileta kila siku na hakuna atakayekushtaki. Lamu mwaka 2018 waliunda jahazi zima la mita 9 kwa plastiki iliyookotwa, wakalivisha ndala za rangi ubavuni, wakaliita FlipFlopi, na 2019 likasafiri hadi kwenu Zanzibar. Wazo hilo nilikuwa nalo kabla yao, ila sikuwa na ndala za kutosha. Osha moja, ukate soli yake kwa wembe umbo la ngalawa, uibandike kwenye kibao kwa gundi, na tayari una muhuri. Paka rangi ya kitambaa kwa sponji, gonga kwenye kitambaa cheupe cha pamba, ngalawa moja, nyingine, nyingine, mpaka upindo wote uzunguke. Ikikauka upige pasi kwa upande wa nyuma, haitatoka ikifuliwa. Kunja, weka kwenye bahasha, haina uzito na uwanja wa ndege hawatakuuliza kitu.

Mchumba asipokipenda hicho kitambaa, nina mpwa wangu Chumbageni, ana pikipiki yake mwenyewe na hajaoa. Andika tena, weka na picha.