Samaki wa Sebuleni

Mwanza mtu hahitaji mashine ya kumwambia samaki wako wapi. Ukishuka daladala pale Kirumba, pua yenyewe itakufikisha Mwaloni, na huko utakuta magunia ya dagaa yakisubiri malori, mengine ya kwenda hadi Kongo. Lakini hao ni samaki waliokwisha kuvuliwa. Shemeji yangu aliwataka waliobaki ziwani, na aliwataka kwa picha.

Shemeji ni fundi majokofu aliyeingia kwenye uvuvi ukubwani. Aliundiwa boti ya mbao, akanunua injini ya kufunga nyuma, akaajiri nahodha na vijana, na tangu hapo mwalo mzima wa Igombe unamwita "tajiri". Ziwa Victoria kila mwenye chombo ni tajiri, hata yule ambaye bado anadaiwa mbao. Tajiri wetu alipoona sangara wanasuasua, hakwenda kwa mganga, jambo lililowashangaza kidogo wenzake wa mwaloni. Aliagiza fishifainda kutoka Dubai.

Boksi lilishushwa nyumbani kwangu Pasiansi kwa sababu moja tu: kitabu cha maelekezo kilikuwa na lugha zote isipokuwa yetu, na mimi ni mwalimu. Mwalimu wa historia, nikamkumbusha. "Kitabu ni kitabu, shemeji," akajibu, huku akipasua boksi kwa kisu cha mke wangu cha jikoni.

Ndani mlikuwa na kioo cha ukubwa wa daftari, waya mrefu, na kidude cheusi kinacholingana na kipande cha sabuni ya kuogea. Kidude hicho ndicho mashine yenyewe. Kitabu kinakiita transdusa. Vijana wa botini walikuja kukiita sikio, na sikio ndilo jina lililokaa. Kazi yake ni kupiga mlio ambao binadamu hausikii, kuelekea chini, kisha kutulia na kusubiri mwangwi. Sauti majini husafiri karibu mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo penye kina cha mita 15 mlio hugonga sakafu ya ziwa na kurudi ndani ya sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Mashine hupima muda huo, huchora ilichosikia, hupiga tena. Wajapani wa ukoo wa Furuno, waliokuwa mafundi wa redio na umeme wa vyombo vya majini mkoani Nagasaki, walianza kuwauzia wavuvi mashine za namna hii mwaka 1948. Nilimsomea shemeji habari hiyo nikidhani itamtuliza. Akasema kama mafundi umeme waliweza, fundi majokofu atashindwaje?

Akaunga betri, akabonyeza. Kioo kikawaka buluu, na samaki wakaanza kupita. Si vidagaa, samaki hasa, wa kukaa na familia. Kina kilisomeka mita 11. Watoto wakapiga makofi, jirani akaitwa, jirani akamwita jirani yake. Mke wangu akatoka jikoni, akatazama kioo, akalitazama sikio lililolala juu ya kitambaa cha meza, halafu akauliza kwa upole: "Kaka, hao samaki wako chini ya nyumba ya nani?"

Kitabu kilikuwa na jibu ukurasa wa mbele kabisa. Mashine hizi zina sehemu ya maonyesho, ili mwenye duka aweze kumwonyesha mteja samaki bila mtu kulowa, na nyingine hujiingiza humo zenyewe zikiona sikio halijachomekwa. Shemeji hakuizima mara moja. Alivuta kiti, akaendelea kutazama. Kwa kweli hajawahi kuvua vizuri kuliko usiku ule.

Kazi ya pili ilikuwa kulifunga sikio kwenye boti. Kitabu kinaelekeza lifungwe kwa skrubu kwenye ubao wa nyuma, chini ya mstari wa maji, mbali na mapovu ya propela. Fundi boti wa Igombe alisikiliza maelezo yote, akauliza kama ni kweli tunamtaka atoboe tundu chini ya maji kwenye boti aliyoipaka lami kwa mikono yake mwenyewe ili isiingize maji. Tukasema ndiyo. Akafunga mfuko wake wa vifaa akaenda kunywa chai.

Vijana wakatatua. Walichukua upondo, wakalifunga sikio kwenye ncha kwa vipande vya mpira wa tairi, wakaufunga upondo ubavuni mwa boti kwa mpira huohuo. Sina hakika kama kuna kitu Tanzania hii ambacho hakijawahi kufungwa kwa mpira wa tairi. Tukatoka, na tukiwa tunakwenda taratibu mashine ikasoma mita 10 bila wasiwasi. Nahodha alipoongeza moto, ikasoma 12. Akaongeza tena: 14. Shemeji akafurahi sana. Kila injini ikinguruma zaidi, ziwa linaongezeka kina. Kumbe maji yalikuwa yanausukuma upondo nyuma, sikio limeinama, na mlio unakwenda mshazari kuitafuta sakafu kule tulikotoka. Upondo ukilala nusu ya njia, mita 10 zinakuwa 14. Hesabu za sekondari. Moto ulipozidi, mapovu yakalifunika sikio kabisa na mashine ikaandika 212 huku ikipepesa.

Ziwa Victoria, pamoja na upana wake wote wa karibu kilomita za mraba 68,800, si ziwa la kina kirefu. Wastani wake ni mita 40 hivi, na penye kina kabisa hupita 80 kidogo tu. Nahodha hakuhitaji takwimu hizo. Aliisoma ile 212, akasema, "Basi tajiri, tumeshaingia Kigoma."

Nahodha wetu ni mtu wa makamo aliyezaliwa Ukerewe, na chombo chake cha kupimia ni kamba yenye jiwe. Anaishusha hadi jiwe likae, anaipandisha akiipima kwa mikono iliyonyooshwa, anatamka idadi ya pima. Siku hiyo alitamka pima nne. Mashine ilikuwa imewashwa upya na ikasema 24. Shemeji, ambaye alikuwa amelipa ushuru wa kitu hicho, aliamini 24 na akaamuru nyavu za makila zishushwe kwa kina cha mita 24. Palitokea mabishano ya heshima, yale ambayo kila mtu anaanza na "samahani tajiri" na anamaliza kwa kutazama pembeni. Mwishowe nikafungua kitabu. Mashine ilikuwa inahesabu kwa futi, na futi 24 ni pima nne kamili, hazipungui wala hazizidi. Na kwenye orodha ya vipimo, chini ya futi na mita, pima nayo ilikuwamo. Tukaiweka hapo. Tangu siku hiyo nahodha ana maoni mazuri kuhusu mashine, kwa kuwa inakubaliana naye.

Lakini kina ni nusu ya habari. Watu hununua kitu hiki kwa ajili ya samaki, na kusoma samaki ndiko kulikotuzungusha, nasema kutuzungusha kwa maana yake halisi. Shemeji alikaa mbele ya kioo akawa anatangaza: "Samaki kushoto!" Nahodha akakata kushoto. "Bado wako kushoto! Wanazidi kwenda kushoto!" Boti ikakata tena. Mtumbwi wa wavua dagaa waliokuwa wanarudi nyumbani ukasimama kutuangalia, na mmoja wao akauliza kama tumedondosha kiatu.

Kioo hakina kushoto wala kulia kwa maana ya ziwa. Ukingo wa kulia ni sasa hivi. Kila kinachosogea kushoto ni cha zamani. Samaki aliye katikati ya kioo ulishampita, na aliye kushoto kabisa ni historia, nami hapo angalau nilikuwa na shahada. Isitoshe, mlio wenyewe hushuka ukitanuka kidogo tu. Kwa mashine ya aina yetu, penye maji ya mita 12 unamulika duara lenye upana wa mita 4 hivi chini ya boti, basi. Ghuba ya Mwanza yote inayobaki, kuanzia hapo hadi Sengerema, huioni.

Halafu kuna vile visamaki vya kuchorwa. Ukiiachia mashine itafsiri yenyewe, kila mwangwi unaowezekana huwekewa picha ya samaki mwenye mkia na jicho. Povu ni samaki. Shina la gugu maji ni samaki. Ilituchorea samaki mmoja mkaidi aliyekaa mita tatu chini yetu, tukienda anakwenda, tukisimama anasimama, na vijana wakaanza kunong'ona mambo ya joka la ziwa, mpaka mmoja akavuta kamba ya ndoo iliyosahauliwa majini na samaki akatoweka. Picha hizo tumezizima. Bila picha, samaki huonekana upinde: anapoingia ukingoni mwa mlio yuko mbali kidogo na sikio, akifika katikati anakuwa karibu, akitoka anakuwa mbali tena. Kama boti na samaki wote wametulia, upinde haupo, unapata mstari mrefu ulionyooka.

Jambo lililoniamsha hasa ni kinachorudisha mwangwi huo. Nyama ya samaki haitofautiani sana na maji kwa upande wa sauti. Sehemu kubwa ya mwangwi hutoka kwenye kibofu cha hewa kilicho tumboni mwake, yaani bondo. Nilipomsomea nahodha hilo, alicheka hadi akashika ukingo wa boti. Sangara ana bondo kubwa, na mabondo yakikaushwa husafirishwa Hong Kong na China kwa bei inayoiacha mbali bei ya minofu. "Kwa hiyo mashine ya tajiri," akasema, "haiangalii samaki. Inaangalia bondo, sawa na wanunuzi wote wa Mwaloni."

Usiku ndipo inapochanganyikiwa kabisa. Tulitoka jioni moja ya giza, mwezi haupo, taa za wavua dagaa zimetapakaa ziwa zima. Jua lilipozama, wingu zito likaanza kuinuka kioo kizima, kutoka kwenye tope kuja juu. Shemeji akampigia simu mnunuzi kabla hata wavu haujagusa maji. Tukavuta: furu wachache, gogogo mmoja aliyelalamika kwa sauti, na sangara mdogo ambaye hata kwa kumvuta mkia asingefika sentimita 50 za sheria, akarudishwa. Lile wingu lilikuwa viluwiluwi vya wale wadudu wanaoruka ziwani kwa mamilioni na kuwaingia watu mdomoni. Mchana wengi wao hujificha topeni, usiku hupanda, na baadhi yao wana vifuko vya hewa mwilini. Hewa ni hewa, mashine haichagui. Wataalamu wa nchi tatu za ziwa hili, Tanzania, Kenya na Uganda, wamekuwa wakipima wingi wa samaki kwa mwangwi tangu mwaka 1999, kwa mitambo mikubwa kuliko wetu, na hata wao hushusha wavu ili kuthibitisha kilichochorwa ni nini. Nilimweleza shemeji hivyo. Aliuliza kama wao nao huwa wamekwisha kumpigia mnunuzi.

Ukiniuliza kama pesa ile ilipotea, nitasema hapana, ila haikufanya kazi iliyotumwa. Mwanza ni mji wa mawe, na Jiwe la Bismarck, linalopigwa picha na kila mgeni, ni moja tu kati ya yaliyokubali kuonekana. Mengine yako chini yakisubiri nyavu za watu. Tope hufyonza sauti na kurudisha mwangwi mnyonge. Jiwe huirudisha kwa nguvu kiasi kwamba wakati mwingine sakafu huchorwa mara mbili, ya pili kwa kina maradufu. Tulipojifunza hilo, tukaanza kuyapitia maeneo taratibu kabla ya kutega, na makila yameacha kurudi matambara. Kwa bei ya nyavu za siku hizi, hiyo ni faida ya kutosha kuzidi sangara wachache. Lakini usidhani italinda propela yako: haioni mbele hata hatua moja. Inakupa taarifa za jiwe ambalo umeshalipanda. Kwa mawe ya mbele tunaye nahodha, naye huyakwepa gizani akizungumza mambo ya mpira.

Wewe unayefikiria kununua, weka kipimo unachokielewa, zima visamaki vya kuchorwa, na usiwaite majirani kabla sikio halijachomekwa. Na betri ifunge kwa mnyororo. Ya kwanza ya shemeji iko Ukerewe, inawasha taa za dagaa, na tunaambiwa inafanya kazi vizuri sana.